Argo, World Ocean Database au Copernicus? Data za bahari uchukue wapi, na uzitaje vipi

Mwanafunzi akipewa mada kama "mabadiliko ya joto la maji pwani ya Tanzania" huanza kwa kuingia Google, na hapo hakosi kitu. Data za bahari ziko tele, nyingi ni za bure, na huongezeka kila siku. Taabu ni kwamba kila hifadhi hukupa bahari ya aina yake. Moja inakupa kipimo kilichochukuliwa na chombo majini. Nyingine inakupa wastani wa miongo kadhaa. Nyingine inakupa hesabu ya kompyuta iliyojaza hata mahali ambapo hakuna aliyewahi kutumbukiza kifaa. Zote tatu zitakuchorea grafu ya kupendeza, na tofauti itajitokeza siku ya utetezi, mtahini atakapouliza: namba hii ilipimwa, au ilikadiriwa?

Nazilinganisha hapa zile zinazotumika zaidi, kwa jicho la mtu anayefanya kazi kati ya Lamu na Mtwara. Jicho hilo lina maana, kwa sababu hifadhi inayosifiwa dunia nzima inaweza kuwa kipofu kabisa katika maji ya mita 30 mbele ya nyumba yako.

Joto na chumvi chini ya maji

Tuanze na Argo, kwa kuwa ndiyo wengi wanayoisikia kwanza. Ni mradi wa kimataifa ulioanza kutupa maboya yake baharini mwaka 1999, na leo yako karibu 4,000 duniani. Kila boya huzama hadi mita 1,000, huchukuliwa na mkondo kwa siku tisa au kumi, hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima joto, chumvi na kanieneo njia nzima. Likifika juu hutuma vipimo kwa setilaiti, na kwa kawaida ndani ya saa 24 vinakuwa vimeshawekwa wazi kwenye vituo viwili vikuu, kimoja Ufaransa na kingine Marekani. Huhitaji akaunti wala barua ya chuo.

Uzuri wa Argo ni kwamba kilichomo kimepimwa. Ubaya wake kwetu ni kina. Boya linalopumzika mita 1,000 chini halina kazi katika Mlangobahari wa Zanzibar, ambao kina chake ni makumi machache tu ya mita. Mlangobahari wa Pemba ni mrefu wa kina, mamia ya mita, lakini nao ni mwembamba na mkondo wake una nguvu. Kwa hiyo Argo ni ya bahari kuu: mashariki ya Unguja na Pemba na kuendelea. Anayetafiti matumbawe ya Chumbe au Mnemba asipoteze bando huko.

Jambo la pili la kuangaliwa kwenye Argo ni hali ya data. Ukifungua faili la boya utakuta herufi inayoonyesha hali hiyo: R ni kipimo kilichopita ukaguzi wa mashine tu, A ni kilichorekebishwa kwa mashine, na D ni kilichopitiwa na mtaalamu, kazi ambayo huchukua kama mwaka mmoja. Kuna safu ya TEMP (joto) na safu ya TEMP_ADJUSTED (joto lililorekebishwa), PSAL (chumvi) na PSAL_ADJUSTED. Kwa utafiti wa miaka mingi chukua D, tumia safu zilizorekebishwa, na ubakishe vipimo vyenye alama ya ubora 1 au 2 pekee. Alama 3 na 4 ni mbaya, hata kama namba yenyewe inaonekana ya kawaida. Chumvi ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana baadhi ya vihisi vimejulikana kusogea polepole kuelekea chumvi nyingi. Anayechukua R bila kujua anaweza kugundua "ongezeko la chumvi" ambalo liko kwenye kifaa tu.

Halafu kuna tarehe. Argo huhesabu siku tangu tarehe 1 Januari 1950, kwa saa za UTC. Ukikuta 27394.5, hiyo ni adhuhuri ya UTC tarehe 1 Januari 2025, yaani saa tisa alasiri kwetu.

World Ocean Database ni mnyama mwingine. Hutunzwa na NCEI, kituo cha data cha NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, na nguvu yake ni historia. Argo karibu haina kitu kabla ya 1999, ilhali humu mna vipimo vya kale hadi safari ya Kapteni Cook ya mwaka 1772. Kwa Bahari ya Hindi, kilicho muhimu zaidi ni vipimo vya ule msafara mkubwa wa kimataifa wa 1959 hadi 1965, ambapo meli za nchi nyingi ziliichunguza bahari hii kwa pamoja. Ukitaka kujua maji ya nje ya Mombasa yalikuwaje kabla ya uhuru, pa kwenda ni hapa.

Namna ya kuchukua ni kuchagua eneo, miaka na aina ya chombo kwenye tovuti, kuacha barua pepe, na kusubiri kiungo cha kupakulia. Angalia sana hapo kwenye aina ya chombo. Chupa za maji za zamani ziko kundi moja, vipimajoto vya kutupwa vya XBT kundi jingine, na maboya kundi lake. XBT haipimi kina. Hukikadiria kwa kasi ya kuanguka, na makadirio hayo yamejulikana kuwa na kosa linalohitaji sahihisho. Na maboya yaliyomo humu ni yale yale ya Argo. Ukiunganisha faili la Argo na faili la World Ocean Database bila kulitoa kundi la maboya, umehesabu kipimo kimoja mara mbili, na wastani wako utavutwa na miaka ya karibuni.

Kutoka kanzidata hii hutengenezwa World Ocean Atlas, ambayo ni wastani uliopangwa kwenye gridi ya nyuzi 1 au robo ya nyuzi. Ni nzuri kwa kujibu "Julai kwa kawaida maji huwa na joto gani kina cha mita 100?" Haifai kuonyesha mabadiliko ya mwaka hadi mwaka, na bado utakuta tasnifu zilizoitumia hivyo.

Ya tatu ni Copernicus Marine Service ya Umoja wa Ulaya, inayoendeshwa na Mercator Ocean kutoka Toulouse, Ufaransa. Hii ndiyo inayowavutia wengi, na sababu inaeleweka: hakuna pengo. Bidhaa yake iitwayo GLORYS12 inatoa joto, chumvi, mikondo na urefu wa maji kila siku tangu 1993, kwa matabaka 50, kwenye gridi ya sehemu moja ya kumi na mbili ya nyuzi, kama kilomita 9 kwetu huku karibu na ikweta. Unafungua akaunti ya bure, unakata kisanduku chako, unapata faili moja safi.

Lakini hiyo ni modeli. Imelishwa vipimo vya setilaiti, vya meli na vya Argo, kisha ikajaza kila kilichobaki kwa fizikia. Mlangobahari wa Zanzibar una upana wa takriban kilomita 40, kwa hiyo modeli inauona kwa miraba minne au mitano. Ndani ya miraba hiyo hakuna ghuba ndogo, hakuna mikoko, hakuna Mto Wami unaomwaga tope msimu wa masika. Kwa mkondo wa pwani na tofauti ya kusi na kaskazi katika bahari ya wazi, GLORYS ni kazi nzuri mno. Kwa jambo linalotokea ndani ya kilomita 5 kutoka ufukweni, mimi siitegemei.

Mara nyingi pia mtu anachukua GLORYS, anailinganisha na Argo, anaona zinakubaliana, anaandika kwamba modeli imethibitishwa. Hazikukosa kukubaliana, maana Argo ililishwa humo humo. Ushahidi wa kujitegemea ni kipimo ambacho modeli haikukiona, kwa mfano kihisi chako mwenyewe ulichokifunga kwenye mwamba.

Kwa hiyo: mada ya bahari kuu kuanzia miaka ya 2000, chukua Argo. Mada inayorudi nyuma ya hapo, chukua World Ocean Database na uvumilie mapengo. Mada inayohitaji mikondo, au ramani isiyo na matundu, chukua Copernicus na uandike waziwazi kwamba ni modeli.

Joto la juu ya maji: bidhaa mbili za setilaiti

OISST ya NOAA huanza Septemba 1981, kila siku, kwa robo ya nyuzi. Coral Reef Watch, ya NOAA pia, huanza 1985 kwa kilomita 5, na juu ya joto huongeza kipimo cha msongo: joto lililozidi kiwango cha kawaida cha mwezi wa joto zaidi, likijumlishwa kwa wiki 12. Likifika 4, tarajia kupauka kwa matumbawe. Likifika 8, tarajia vifo. Kwa mwelekeo wa muda mrefu OISST inatosha. Kwa matumbawe sioni sababu ya kuacha Coral Reef Watch, hasa kwa anayelinganisha 1998, 2016 na tukio la dunia nzima lililotangazwa Aprili 2024.

Tahadhari moja kwa wanaotafiti mwani. Joto la Coral Reef Watch limejengwa juu ya vipimo vya usiku, kwenye mraba wa kilomita 5. Shamba la mwani la Paje mchana wa bamvua, maji yamekupwa hadi magotini na jua limesimama utosini, ni dunia ambayo setilaiti hiyo haiioni. Nunua kihisi kidogo, kifunge kwenye kambaa.

Usawa wa bahari: saa au mwezi

Zanzibar ina kipima maji ambacho rekodi yake huanza 1984, na Mombasa inaifuata miaka michache baadaye. Rekodi hizo utazipata sehemu mbili. Kituo cha Chuo Kikuu cha Hawaii, UHSLC, hutoa vipimo vya kila saa. PSMSL ya Liverpool, iliyoanzishwa 1933, hutoa wastani wa mwezi na wa mwaka.

Kuchagua hapa ni rahisi. Unatafiti maji kujaa na kupwa, bamvua, au mawimbi ya dhoruba? Nenda Hawaii. Unataka kujua bahari inapanda milimita ngapi kwa mwaka? Nenda Liverpool, na uchukue safu ya RLR, ambayo imeunganishwa na alama isiyosogea iliyoko nchi kavu. Safu nyingine, iitwayo Metric, haina uhakika huo na haifai kwa mwelekeo. Usishtuke kuona namba za RLR zikizunguka 7,000: sifuri yake imewekwa makusudi kama mita 7 chini ya wastani wa maji, ili pasitokee namba hasi.

Namba hasi utakazoziona ni mapengo. PSMSL huandika -99999 pale ambapo hakuna kipimo, na faili za Hawaii huandika -32767. Excel haijui hilo. Itakupigia wastani nazo vizuri tu, na bahari ya Zanzibar itazama chini ya Kilimanjaro. Saa za Hawaii nazo ni UTC: maji yaliyojaa saa 01:00 kwenye faili, mvuvi wa Malindi aliyaona saa kumi alfajiri. Hawaii pia ina matoleo mawili, la haraka na la utafiti. La haraka lina miezi ya karibuni lakini ukaguzi wake ni mwepesi.

Kwa sura ya sakafu ya bahari hakuna mashindano: chukua ramani ya GEBCO, ya bure, kila mraba una upande wa kama mita 450, toleo jipya kila mwaka. Pakua na lile faili lake la pili linaloonyesha mraba upi ulipimwa kwa meli na upi ulikadiriwa. Na usiendeshee chombo.

Viumbe: OBIS au GBIF

Zote mbili ni hifadhi za rekodi za viumbe vilivyoonekana au kukusanywa. OBIS iko chini ya Tume ya Bahari ya UNESCO na inahusu bahari tu. GBIF inahusu viumbe vyote, vya nchi kavu na majini. Data nyingi ziko kote kote, kwa hiyo ukizijumlisha kagua marudio.

OBIS inashinda kwenye majina. Kila rekodi huoanishwa na orodha ya majina ya viumbe vya bahari iitwayo WoRMS. Mkulima wa mwani husema "spinosum". Makala za zamani huandika Eucheuma spinosum. Jina linalokubaliwa leo ni Eucheuma denticulatum. Ukitafuta moja OBIS hukuletea yote. Pia huwekea alama rekodi zenye kasoro, kwa mfano samaki ambaye nukta yake imeangukia nchi kavu. GBIF inashinda kwenye kutaja chanzo, nami huipa uzito mkubwa sifa hiyo kuliko wengi wanavyofanya.

Kuzitaja: hapa ndipo zinapotofautiana kweli

"Chanzo: NOAA" si kutaja chanzo. Hata "Chanzo: tovuti ya Argo" haitoshi. Msomaji anatakiwa aweze kuipata data ile ile uliyoitumia, na hifadhi nyingi hubadilika kila wiki: boya la R linakuwa D, mwaka uliokuwa na pengo unajazwa, modeli inatolewa upya. Kwa hiyo kipimo changu cha hifadhi nzuri ni kimoja: je, naweza kuitaja ilivyokuwa siku niliyoipakua?

Argo inaweza. Ina DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha data mtandaoni) moja kwa mradi wote, 10.17882/42182, na kila mwezi hugandisha nakala ya data zote na kuipa tarakimu zake, zinazoongezwa mwisho wa DOI baada ya alama ya reli (#). Ukifanyia kazi nakala ya mwezi, taja tarakimu hizo na mjadala umekwisha. Ukichukua faili za kila siku moja kwa moja kutoka kituoni umeikosa nafasi hiyo, na nashangaa ni wangapi wanafanya hivyo bila sababu. Argo pia ina sentensi yao ya shukrani wanayoomba iwekwe. Inachukua mistari miwili, iweke.

GBIF hufanya vizuri zaidi: kila unapopakua, upakuaji wako hupewa DOI yake, na humo ndani zimeorodheshwa seti zote zilizochangia, hivyo jumba la makumbusho lililokusanya kielelezo linapata haki yake. OBIS inakuachia kazi hiyo: unataja OBIS na tarehe, kisha unapaswa kutaja kila seti uliyotumia. Zikiwa tatu ni rahisi. Zikiwa mia moja, ziweke kwenye kiambatisho, lakini usiziache.

Copernicus hutoa DOI kwa kila bidhaa; ya GLORYS12 ni 10.48670/moi-00021. Hiyo inataja bidhaa tu, haitaji kisanduku chako, kwa hiyo ongeza mwenyewe mipaka ya eneo, kina, miaka na tarehe ya kupakua. Leseni yao inaruhusu karibu kila matumizi, mradi uwataje. UHSLC ina DOI, 10.7289/V5V40S7W, na waandishi wake ni Caldwell, Merrifield na Thompson. PSMSL huomba utaje makala ya Holgate na wenzake ya 2013 pamoja na tarehe uliyochukua data. World Ocean Database hutajwa kwa toleo, mathalani la 2018 au la 2023, na kila kipimo humo kina namba yake ya pekee. Zihifadhi namba hizo kwenye faili lako. Baadaye ndizo zitakazokurudisha kwenye meli na safari iliyopima.

Na utunze nakala yako. Mei 2025 NOAA ilitangaza kwamba kanzidata yake ya majanga ya hali ya hewa yaliyogharimu mabilioni haitaendelezwa tena. Data za bahari hazikuguswa na tangazo hilo, ila aliyekuwa akiamini kwamba tovuti ya serikali kubwa haisimami alipata jibu.

Kwa data zako mwenyewe, PANGAEA ya Ujerumani na SEANOE ya Ufaransa zote hupokea bila malipo na hutoa DOI. PANGAEA ina wahariri watakaokuuliza kipimo hiki ni cha nyuzi gani na kifaa kipi. Inachosha na inachelewesha, na matokeo yake ni bora. SEANOE ni ya haraka. Ukiwa na mwezi mmoja kabla ya kuwasilisha, nenda SEANOE.

Bando

Usipakue faili la dunia nzima. Kwa pwani yetu kisanduku cha nyuzi 38 hadi 42 mashariki na nyuzi 1 hadi 12 kusini kinakutoa Kiunga hadi Mtwara. Copernicus ina zana ya Python inayokata upande wao kabla ya kutuma. Data nyingi za NOAA, OISST ikiwemo, zipo kwenye mfumo wa ERDDAP, ambapo eneo na tarehe huandikwa ndani ya kiungo chenyewe na unaletewa CSV inayofunguka hata kwenye simu. Kiungo hicho kinakili kwenye daftari la kazi: kinabeba kila ulichochagua. Ukipokea faili la aina ya NetCDF na hujui kuandika msimbo, programu ya bure ya Ocean Data View inaifungua na kuchora sehemu za kina bila shida.

Zipo data ambazo hutazipata kwa kubofya popote. Meli ya utafiti Dr Fridtjof Nansen imepima samaki na maji ya pwani hii mara kadhaa, na data zake ziko chini ya mamlaka ya nchi zilizopimwa. Kwa hizo iandikie barua taasisi ya utafiti wa uvuvi kupitia chuo chako: TAFIRI ukiwa Tanzania, KMFRI ukiwa Kenya. Eleza mada, miaka na eneo, na uulize mapema watake kutajwa vipi.